Gitaa lililotyuniwa kwa vyungu

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda juu ya milima ya Livingstone na mchanga wa ufukweni mwa ziwa, mwendo mfupi kutoka Matema, umeanza kuchoma nyayo. Atuganile ameketi kwenye kibanda cha nyasi, chungu kibichi mapajani, anakisugua shingo kwa kokoto laini aliyoachiwa na mama yake. Mkono wa kulia ndio unaofanya kazi. Wa kushoto ameuvika mfuko mtupu wa chumvi na kuufunga kwa kamba.

Mgeni atadhani ameungua. Hajaungua.

"Huu nauhifadhi," anasema, akiuinua kidogo. "Jioni una kazi yake."

Kazi yenyewe imetundikwa ukutani ndani ya nyumba, mbali na moshi: gitaa la umeme, jekundu, limechubuka pembeni. Nyuzi za chuma zinataka ncha za vidole ziwe ngumu, na udongo mbichi unazilainisha. Sugu aliyoiotesha wiki nzima huweza kubanduka kwa asubuhi moja ya kukanda, na jioni akibonyeza uzi anahisi kama anabonyeza wembe.

Kwa hiyo siku hizi anayekanda ni wifi yake, Tusajigwe, na hakosi la kusema. "Kaka yangu alioa mfinyanzi mzima," anasema, udongo umemfika viwikoni. "Sasa amebaki na nusu." Atuganile anacheka, kazi inaendelea.

Ana miaka arobaini na nne. Kama wanawake wengi wa Kikisi, kabila la ufuko huu, alianza kufinyanga kabla hajajua kusoma. Mumewe, Enoki, ni mvuvi. Jumamosi vyungu hupakiwa kwenye boti kwenda soko la Matema, ambako akina mama wa vijiji vya mpunga na kakao huja kuchagua. Wengine bado wanalipa kwa desturi ya zamani: chungu kinajazwa mchele, mchele unabaki kwa mfinyanzi, chungu kinakwenda na mnunuzi.

Ukimuuliza gitaa lilimgharimu kiasi gani, hakutajii shilingi. "Mchele wa msimu mzima," anasema. "Tulikula ugali tu mwaka ule. Enoki hakununa." Anafikiri. "Alinuna kidogo."

Kiu yake ilianzia Itungi. Alikuwa binti mdogo, amefuatana na mama yake kuuza vyungu bandarini, enzi zile meli zikiondoka pale kwenda kusini. Juu ya meli abiria mmoja alikuwa amekalia mzigo wake, anapiga gitaa lililounganishwa na spika ndogo ya betri. Meli ikang'oa nanga, yule mtu akaendelea kupiga. Sauti ikawa inapungua juu ya maji, inapungua, na Atuganile akabaki amesimama, asijue ni wakati gani hasa aliacha kuisikia akaanza kuikumbuka.

"Mama aliniuliza nalia nini. Nikamwambia mchanga umeniingia machoni," anasema. "Lakini nilikuwa naitaka ile sauti. Mpaka leo naitaka."

Kanisani walimweka kwenye soprano. Magitaa yalikuwa ya wavulana. Hakuna aliyemkataza kuyashika, kwa kuwa hakuna aliyewaza kwamba angeyataka. Akaolewa, akazaa, akalea, akachoma vyungu visivyo na idadi. Kiu haikuisha.

Miaka mitatu iliyopita bendi iliyokuwa ikipiga kwenye nyumba za wageni za Matema ilivunjika, na kijana mmoja akauza gitaa lake apate nauli ya Tunduma. Spika ilikuwa imeshachukuliwa na mwenzake. Atuganile alilinunua hivyo hivyo, gitaa la umeme lisilo na pa kuchomekwa, nyuzi zote zimelegezwa kwa ajili ya safari. Alipomwomba kijana amwoneshe walau mwanzo, mwenyewe alikuwa ameshakaa kwenye bodaboda.

"Akaniambia, mama, uzi mnene uwe juu, mwembamba uwe chini, halafu kaza mpaka usikie imekaa," anakumbuka. "Sasa inakaa wapi? Hakusema."

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Mfinyanzi akitoa chungu motoni na kikapoa, hukigonga kwa kidole alichokikunja. Kizima hutoa mlio safi. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hukoroma. Sikio la Atuganile limefanya kazi hiyo maisha yake yote. Basi alichagua vyungu sita vizima, kuanzia mtungi mkubwa wa maji hadi kijungu cha mboga, akavipanga kando ya ukuta. Akawa anagonga chungu, anakaza uzi, anagonga tena, mpaka viwili hivyo vikubaliane. Nyuzi sita, vyungu sita. Simu yake ni kitochi, haiwezi kumfundisha mtu gitaa.

Kwa muda mrefu vyungu hivyo havikuuzwa. Wanunuzi waliovitaka waliambiwa vina mwenyewe.

Kwa kuwa hakuwa na spika, alipiga akiwa ameegemeza taya kwenye ubao wa gitaa ili sauti imfikie kupitia mifupa. Enoki anasema kwa aliyekaa upande wa pili wa chumba ilisikika kama panya kwenye debe. Kwake yeye ulikuwa muziki. Alizitafuta nyimbo za kanisani kidole kwa kidole akazipata kwa namna yake. Kisha siku moja ya mvua vidole vyake viliangukia kitu kisichokuwa wimbo wa mtu yeyote. Kilikuwa kifupi, kikipanda kidogo na kurudi chini, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo bila kutarajia jibu. Alikirudia mpaka mvua ikakatika.

"Nikasema, hii ndiyo," anasimulia. "Si ile ya meli. Lakini ni ndugu yake."

Mwaka jana alijipa moyo, akalifunga gitaa kwenye khanga, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya, Lugano, kijana anayefundisha pia shule ya msingi, alimpokea mlangoni kwa salamu ya kwao.

"Mugonile, mama. Leo umetuletea mtoto?"

"Nimewaletea gitaa, mwalimu. Naomba nipige na nyie."

Lugano akamchomekea waya kwenye spika. Kinanda kikaanza, kwaya ikaingia, Atuganile naye akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia gitaa lake kwa sauti kamili, na watu wote waligeuka kumtazama. Kinanda kilikwenda huku, gitaa likaenda kule. Alto walisita, kisha wakanyamaza, kisha kila mtu akanyamaza.

Lugano hakumcheka. Alimwomba apige peke yake, akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Mama, wewe hukosei," alimwambia. "Nyuzi zako zinaelewana zenyewe kwa zenyewe. Ila hazielewani na sisi. Nani alikutyunia?"

Alipoeleza habari ya vyungu, kwaya nzima iliangua kicheko, na yeye akacheka nao. "Nilicheka ili nisilie," anasema sasa.

Pale pale Lugano akalityuni upya kwa kufuata kinanda, uzi baada ya uzi. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anamfungulia mlango ambao mwanamke huyu ameusubiri tangu utoto, na Atuganile alitaka kuingia. Lakini alirudi nyumbani na gitaa ambalo mikono yake hailijui. Vidole vilikwenda pale palipokuwa na wimbo, vikakuta pengine kabisa. Ilibidi aanze moja.

Jumamosi iliyofuata, nusu kwa hasira na nusu kwa kutaka kusahau, alivipakia vyungu vyote sita kwenye boti. Viliisha kabla ya adhuhuri.

Leo anapiga na kwaya. Amepiga sikukuu ya mavuno, nyuma kabisa, karibu na besi, na watu walisimama wakacheza. Lugano hamung'unyi maneno. "Ana sikio kutushinda sote," anasema. "Namtegemea." Atuganile naye hafichi furaha yake. Sauti za watu zikipanda na gitaa lake likiwa chini yao, anasema, mwili wote unasisimka.

Ila kile kipande kifupi cha siku ya mvua kimepotea.

Amekitafuta. Lugano mwenyewe alimwomba akiimbe kwa mdomo ili akitafute kwenye kinanda, na wakakaa mchana kutwa. "Kinapita katikati ya vitufe," Lugano anaeleza. "Nikibonyeza hiki nimezidisha, nikibonyeza hiki nimepunguza." Na kila wiki ya mazoezi inamsogeza mbali zaidi, maana sikio limeanza kuzoea kinanda. Siku hizi akikiimba hana hakika kama ndicho chenyewe au ni kingine kilichovaa nguo zake.

"Niliingia kwa watu nikakiacha nje," anasema. "Nilijua nafanya hivyo? Sikujua. Inaniuma."

Mwezi uliopita alipanda bodaboda hadi Ndandalo, kwa Angetile, mkulima wa kakao ambaye ni mteja wake wa siku nyingi na alinunua kimojawapo cha vile vyungu. Alikikuta jikoni, cheusi tii kwa masizi, maharage yanachemka ndani yake.

"Nikamwambia, dada, sikuja kukichukua, naomba nikigonge tu. Akanitazama sana. Akasema, haya, subiri tule kwanza."

Wakala. Chungu kikaoshwa, kikageuzwa, Atuganile akakigonga. Mlio ulikuwa umeshuka na kuwa mzito. Chungu kikipikiwa hunywa mafuta na moshi, sauti yake hubadilika. Kila mfinyanzi anajua hilo, na yeye alilijua kabla hajapanda bodaboda. Alisema ndaga fijo, asante sana, kwa maharage, akarudi.

Kimebaki kimoja anachokitumainia. Mtungi wa maji haukai motoni. Hukaa kivulini, unatuliza maji, na ukitunzwa vizuri mlio wake hauendi popote. Mtungi wake mkubwa, ule wa uzi mnene, ulinunuliwa na mama mmoja wa Ipinda, naye ametuma salamu kwamba mtungi bado ni mzima na Atuganile anakaribishwa.

Mpango wake ni kwenda na gitaa, amwage maji kwa ruhusa ya mwenyewe, aukaze ule uzi mpaka ukubaliane na mtungi, kisha akae hapo hapo uani kwa watu aone kama vidole vitakumbuka hizo tano nyingine. Ugumu ni kwamba nyuzi zimechakaa, zikikazwa upya huweza kukatika, na za akiba hupatikana Mbeya tu. Na siku chache tu baada ya safari hiyo, Jumapili, kwaya inakwenda kuimba Kyela mjini, safari iliyongojwa tangu mwaka jana, na kwa mara ya kwanza Lugano amempa wimbo wa kuanzisha yeye. Uzi ukikatika Ipinda, wimbo huo utaanzishwa na mtu mwingine.

Amemweleza Lugano. Lugano akamjibu, "Mama, mimi siwezi kukuzuia."

Tusajigwe, anayesikiliza haya yote huku akiviringisha udongo, anadakia. "Ukikatika, wifi, Jumapili utakuwa unapiga makofi na sisi."

Safari hii Atuganile hacheki. Anakitua chungu chini, polepole, mdomo juu.

"Nitapiga makofi," anasema. "Lakini Jumanne naenda Ipinda."