Bidoni ya Mjane

Mume wangu ndiye aliyenieleza kwanza, baada ya kusikiliza redio: nchi ikivamia jirani yake, hata nchi ya mbali ambayo haikuguswa inaweza kuzifungia ndege za mvamizi anga yake mpaka atii sheria ya mataifa. Nilicheka. "Inawaangalia nini? Si shida yao."

Siku hiyohiyo, kwenye bomba, mama mmoja jirani yangu alisukuma bidoni ya mjane mmoja, dumu lake la maji, kwa mguu hadi mwisho wa mstari, akaweka yake mahali pale. Mjane alikosa maji; bidoni yake ikabaki palepale mwishoni.

"Iko zamu yake, mama," nilinong'ona.

"Haiko bidoni yako, ni yake. Inakuangalia nini weye?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi mama yuleyule aliniletea bidoni yake nimlindie zamu, kama kila siku. Nilimrudishia mkononi. "Rudisha kwanza ya mjane mahali pake, mama. Kisha nitalinda yako."