Siku Niliyojiandikisha kwa Jina la Wifi Yangu

Haya, chekeni mapema mumalize, maana najua hamtajizuia, na mimi mwenyewe nikikumbuka niko peke yangu jikoni hucheka mpaka nikashika mbavu, lakini siku yenyewe, wallahi, nilitamani sakafu ya ile kliniki ipasuke inimeze mimi na leso yangu.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Faza, nafundisha watoto wa kike Kurani, na nina miaka arobaini na minane. Tangu mwaka juzi hedhi yangu ilipata wazimu. Zamani ilikuwa yaja kwa adabu zake, siku tano, yaaga, yaenda. Sasa yaja siku kumi na mbili, kumi na nne, yapumzika wiki, yarudi tena, na si damu ya mchezo, ni ya kuamka na kizunguzungu na kufua shuka kabla watu hawajatoka kuswali alfajiri. Juu ya hayo, joto! Nimekaa zangu mkekani naona moto wapanda kifuani mpaka masikioni, wanafunzi wanipepea kwa juzuu zao (nikiwaambia juzuu si upepeo, huku moyoni nawaombea wasiache).

Sasa mwalimu asiyeweza kushika msahafu nusu ya mwezi kwa sababu ya damu ni mwalimu gani? Mara leo hakuna chuo, mara mwalimu hajisikii vyema, wazazi wakachoka, wakaanza kuwapeleka watoto kwengine. Nilikuwa na wasichana thelathini wakabaki kumi na mmoja. Hesabu za hedhi na istihadha, ile damu isiyo ya hedhi, ninazowafundisha wari waliovunja ungo miaka yote hii zikanivuruga kichwa mwenyewe. Nililia, nasema kweli. Chuo kile aliniachia mama, na nilikuwa naona kinafia mkononi mwangu.

Daktari mmoja Lamu akanipiga picha ya tumbo, akanipima damu, akasema hakuna uvimbe wala kitu kibaya, ni umri, hedhi yajiandaa kukoma na homoni zapanda na kushuka, na dawa nzuri kwa damu kama yangu ni koili ya homoni. Koili! Mimi mwalimu wa chuo, na watu hapa wajua koili ni ya kupanga uzazi tu. Mume wangu nilimwambia, akasema, "Nenda, Mama Abdalla, mimi nataka uzima wako, watu watasema mpaka wachoke." Lakini wifi yangu Rukia, dada yake huyo huyo mume wangu, jirani yangu, nyumba zetu zimeshikana, huyo niliapa hatajua. Nampenda Rukia, lakini ukimwambia neno alasiri, magharibi haijaadhiniwa neno lishafika kijiji cha Chundwa na lishavaa nguo nyingine.

Basi nikatangaza naenda Lamu kung'oa jino. Bahati nzuri (niliiita bahati!) Rukia mwenyewe alikuwa amesafiri jana yake, kasema aenda kumtazama mjukuu. Nikapanda boti ya asubuhi, nikafika kliniki, buibui juu, ninja usoni, yaonekana mato tu, hata mume wangu asingenijua. Karani dirishani akauliza, "Jina?"

Hapo ndipo shetani aliponikalia begani. Sikuwa nimepanga. Nikawaza, hapa Lamu watu wa Faza wamejaa, karani ataita jina kwa sauti, atasikia mtu, habari itafika. Ikiwa ni lazima ifike, basi na ifike ya mtu mwengine! Nikasema, "Rukia Shee." Kitambulisho? Nimesahau nyumbani. Akaandika. Nikaenda kukaa kwenye benchi la wanawake nikicheka ndani ya ninja yangu, mtu mzima na akili zangu.

Kidogo akaingia mwanamke mwengine, buibui juu, ninja usoni kama mimi, akanong'ona dirishani, nikamsikia karani akisema, "Nanyi watu wa Faza leo nyote mumesahau vitambulisho?" Wa Faza! Yule mwanamke akaja kukaa kando yangu, bega kwa bega, maana benchi lilikuwa limejaa. Nikageuza uso ukutani. Naye kageuza wake mlangoni. Nusu saa nzima hatukuamkiana, hata salamu, na mimi nawaza, mashaallah, mwanamke mwenye haya huyu, kimya chake, laiti wifi yangu angekuwa na robo ya adabu hii.

"Rukia Shee!" akaita Sista Khadija, muuguzi mwenye kazi hiyo, ambaye huja pale mara moja tu kwa mwezi. Yule jirani yangu akaruka kidogo kama aliyechomwa sindano. Nikadhani ana maumivu, maskini, nikamwombea Mungu, nikaingia zangu.

Sista alikuwa mtu mzuri sana, mwenye maneno matamu. Akanionesha koili yenyewe, kijiti kidogo kama herufi T ya kizungu, hakifiki urefu wa kidole. Akasema yatiwa kwenye mji wa uzazi na yatoa homoni kidogo kidogo, ule ukuta wa ndani wawa mwembamba, damu yapungua, kwa wengine hukatika kabisa. Lakini akanionya nisije nikamlaumu: miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo huenda nikawa na matone matone yasiyo na mpango. Na joto langu lile halitaondoka kwa koili pekee, hilo lina dawa zake tutazungumza. Nikapimwa presha, nikapima mkojo kuhakikisha sina mimba (nilicheka, naye akasema wacheke wengine, umri huu ndio hudanganya watu), nikanywa dawa ya maumivu, nikavua, nikajifunga leso, nikapanda kitandani nyuma ya pazia.

"Haya Bi Rukia, nipe ile picha ya tumbo. Bila picha siweki, damu nyingi umri huu lazima tujue hakuna kitu chengine."

Picha ilikuwa mkobani mwangu. Na juu yake kumeandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa: ZAITUNI BWANAHERI. Jina langu.

"Nimesahau nyumbani," nikasema, sauti ikitoka kama ya paka.

"Basi dada yangu, pole, uje mwezi ujao."

Mwezi ujao! Mwezi mwengine wa damu, mwezi mwengine chuo kimefungwa, na wale kumi na mmoja watakuwa wangapi? Nilikaa pale kitandani miguu ikining'inia, machozi yananitoka, na picha iko hatua mbili kutoka kwangu, nami naona haya kufungua mdomo. Sista akatoka kumwita wa pili. Nikamsikia pale mlangoni kwa sauti nzima:

"Zaituni Bwanaheri!"

Jamani, jina lako ni jina lako. Miaka arobaini na minane nimeitikia jina hilo, mamangu alinifunza kuitika upesi, mdomo wangu haukuniuliza. Nikaitika kwa sauti ya chuoni, "LABEKA!"

Na kule nje, wakati ule ule, sauti nyengine ikaitika, "Labeka!"

Sauti ile! Sauti ile naisikia kila siku ya Mungu kupitia ukutani, ikigombeza kuku, ikigombeza wajukuu. Nikashuka kitandani bila kuwaza, nikalivuta pazia kwa nguvu, pazia likaja na chuma chake, pwaa! kichwani mwangu, nikatoka mbio mpaka mlangoni na leso moja, miguu nje, uso wazi, pazia begani, mbele ya benchi zima la wanawake wa Lamu.

"Rukia!" nikasema.

Yule mwanamke mwenye haya akafunua ninja yake. "Zaituni! Hulo ni yina langu umelitwaa?"

"Na wewe umetwaa la nani?"

"La kwako! Nalisema nikionekana, na asemwe mwalimu, mimi watu wamenizoea kunisema!"

Lo! Benchi lile lilivyovunjika kwa kicheko! Bibi mmoja mtu mzima alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka akayadaka. Karani akachungulia, nikajifunika kwa pazia. Na Rukia badala ya kunitukana akaniangalia miguu, akasema, "Mwalimu, leso yakuvuka, ingia ndani," akanisukuma, akafunga mlango.

Sista Khadija alisimama na mafaili mawili mkononi, hacheki. "Hapa mumejaza presha ya huyu kwenye faili la huyu. Munajua mungeniponza, na kujiponza wenyewe? Leo hatiwi mtu mpaka kila mmoja aniambie ukweli wake, tangu jina."

Mimi ninayewasimamisha watoto wakisema uwongo! Nikasimama mbele ya Sista mikono nyuma, nikataja jina langu, la baba yangu, nikatoa picha mkobani. Akaisoma, akaangalia saa. Boti haingoji, maji yakipwa pale kwenye mkondo wa Mkanda hakupitiki. "Panda," akasema, na sijawahi kufurahia amri kama ile.

Rukia hakutoka. Alinishika mkono. Sista akaingiza kile chuma cha kupanulia, baridi mpaka roho, akanambia kohoa, nikakohoa, na Rukia naye akakohoa kunisaidia. Kisha nikabanwa, mbano wa kweli kweli, kama uchungu wa mwanzo wa kuzaa, nikamfinya Rukia, Rukia akapiga kelele kuliko mimi, na kabla sijamaliza dua niliyokuwa nasoma Sista akasema, "Tayari." Kama dakika kumi zote! Wengine huumwa zaidi, wengine kidogo, alisema, na nirudi baada ya wiki sita atazame nyuzi za koili. Nikapumzika kizunguzungu kiishe, nikampisha Rukia na picha yake yenye jina lake, naye alipofinya mkono wangu nilijua kuwa ni malipo.

Kwenye boti tumekaa tumejikunja, kila mmoja ameshika tumbo. Bi Mwanakombo, mama mmoja mkimya wa Ndau aliyesikia habari ya jino langu, akauliza, "Jino ndilo lililokuinamisha hivyo?" Nikafungua mdomo. Rukia akanitangulia, mbele ya nahodha, wavuvi na magunia ya unga: "Jino gani! Tumetiwa koili, mimi na mwalimu, damu ilitaka kutuua!"

Nahodha akaangalia baharini kama aliyepotewa na ndia. Nikafunika uso. Lakini hata hatujapita nusu ya safari, Bi Mwanakombo akajisogeza karibu yangu, akanong'ona, "Huyo sista arudi lini?" Na wa nyuma yake akauliza, na wa nyuma ya huyo. Tulipofika Faza nilikuwa nimeahidi kuwapeleka watano.

Leo ni mwezi wa nane tangu siku ile. Minne ya mwanzo matone yalinisumbua kama alivyosema Sista, kisha yakapungua, sasa naona tone moja mara kwa mara au sioni kitu. Wasichana wamerudi, wako ishirini na sita, na joto limenibakia, lakini hilo nalipepea hadharani.

Nawaambieni haya si kwa ajili ya miguu yangu iliyoonekana Lamu nzima, hiyo nimeisamehe. Jioni ile tulipofika mlangoni, Rukia aliniuliza shuka nilikuwa nafua saa ngapi. Nikamwambia, kabla ya watu kutoka kuswali. Akasema naye alikuwa akifua saa hizo hizo, upande wake wa ukuta, akifungua maji polepole nisimsikie. "Miaka miwili, Zaituni," akasema. "Ningekufulia."

Hapo ndipo nilipoona haya za kweli. Nimeapa: jina langu nitalitaja popote nitakapoulizwa, na nikiumwa, wa kwanza kuambiwa ni Rukia, na Chundwa nao wajue.