Bi Kontena na Nauli ya Vita

Wateja walimwita Bi Kontena kwa sababu alikuwa mfupi, mpana, na hasogezwi kirahisi. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wafanyabiashara nafasi melini na kuwatolea mizigo bandarini. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, muuza vipuri vya pikipiki.

Vita vilipozuka kwenye nchi za kando ya mlango wa bahari ambamo mizigo yao ilipita, meli zikaanza kupigwa makombora. Mabaharia waliungua wakiwa hai. Kampuni zikazipitisha meli zao njia ndefu ya kuzunguka, bima ikapaa, nauli ya kontena ikapanda mara tatu.

"Basi leta kwa ndege," shemeji akafoka kwenye simu.

"Ndege nazo zinakwepa anga ya vita, shemeji. Zinazunguka, zinajaza mafuta, mzigo zinabeba kiduchu. Bei yake usiulize kabla hujakaa chini."

"Unakula na hao wenye meli! Mimi si mtoto."

Asubuhi iliyofuata shemeji aliingia ofisini kwa Bi Kontena na nondo. Hakusalimia. Alipasua kompyuta, akapasua kioo cha kaunta, kisha akamgeukia. Bi Kontena aliinua mkono kujikinga, na foleni nzima ikasikia mfupa ukilia. Mkewe, aliyemfuata mbio kutoka dukani, akajitupa katikati.

"Baba watoto, huyu ni dada yangu!"

Nondo ikampata mdomoni. Akaanguka juu ya vioo, akitema damu na meno.

Hapo hofu ikamtoka Bi Kontena. Kwa mkono uliobaki mzima aling'oa ukutani mtungi wa kuzimia moto, akaubamiza kwenye goti la shemeji. Goti likakunjika kinyume. Alipokuwa chini akambamiza tena, na tena, mpaka mteja mmoja akamkumbatia kwa nyuma.

"Inatosha, mama. Utaua!"

"Niache nimalize!"

Polisi waliwabeba wote wawili. Waliokuwa kwenye foleni walieleza walichokiona, Bi Kontena akaachiwa. Shemeji alifungwa, na mguu anauburuta hadi leo.

Duka sasa analiendesha mdogo mtu, kwa meno ya bandia. Huja mwenyewe kuuliza nauli, na ikipanda husonya tu, akaagiza.

Mkono wa Bi Kontena haukunyooka vizuri. Ukimpa pole, anakukatisha.

"Mkono si kitu," husema. "Siku ile nilitaka kumuua. Na sijui kama nimeacha kutaka."