Kamba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike ni msusi. Mimi naendesha bodaboda. Zamani mtaani aliitwa "mdogo wake Mwendokasi", yaani mimi. Siku hizi mimi ndiye naitwa "kaka yake Kamba".

Yeye na vijana wenzake walikuwa wanashika kamba kukatiza barabara kila asubuhi, magari yasimame, watoto wa shule wavuke. Walisema hawaiachi mpaka halmashauri iweke matuta.

Nikamcheka. "Kazi yako kusuka vichwa. Serikali utaisukia wapi?"

"Kaka, wewe cheka tu. Matuta yatakuja."

Mama naye, akikutana na mtu, habari ni za binti yake tu. Mimi ninayeleta unga, hanitaji! Wivu ukanikaba. Nikaomba kimoyomoyo hayo matuta yasije kabisa.

Asubuhi moja nikaja kwa kasi makusudi, nione kama ataiachia kamba. Hakuiachia. Ikabidi mimi nifunge breki, tairi likalia mpaka watu wakatoka madukani.

"Shikamoo kaka," akasema, kamba mkononi. "Zima pikipiki, watoto bado wanavuka."

Watoto wakavuka wakinicheka.

Wiki iliyopita matuta yaliwekwa. Abiria ananiuliza, "Hivi Kamba ni ndugu yako kweli?" Namjibu, "Baiskeli nilimfundisha mimi." Kisha tunafika pale, napunguza mwendo, tuta linatunyanyua, na kichwa changu kinainama chenyewe, kama vile mimi ndiye ninayempa mdogo wangu shikamoo.