Nguzo ya Chumvi ya Walentyna

Kama humjui Walentyna Skiba, basi hujawahi kulala kijijini kwetu hata siku moja. Ndiye anayeendesha lori la maziwa, ndiye anayegombana na ng'ombe wa watu barabarani, na ndiye mwanamke pekee katika chama cha wawindaji, ingawa bunduki hana na wala haitaki. Wakati wa baridi huwapelekea kulungu nyasi kavu; theluji ikiyeyuka huwawekea chumvi. Mimi ni jirani yake, uzio tu ndio unaotutenga, na nasema wazi: nampenda, ila ubishi wake umezidi.

Mwaka huu alipata wa kubishana naye. Ignacy Burzyk, mwenyekiti wa chama, alitaka kujenga mnara wa kuwindia katika bonde la Olszynka, ambalo Walentyna ndiye mtunzaji wake. Tangu miti ya ng'ambo ikatwe, Burzyk alisema, kulungu hupita pale wakati wa vuli tu, na chumvi ya zamani imekauka bila kuguswa. Sasa, kwetu kuna mwiko tuliorithi: penye chumvi inayolambwa hapapigwi risasi. Huwezi kumkaribisha mgeni mezani halafu umchinje. Lakini chumvi isiyolambwa haimkingi mnyama yeyote.

"Nipe mpaka sikukuu ya Mtakatifu Yohana," Walentyna akamwambia mkutanoni. "Wakilamba, mnara wako kajenge nyuma ya choo chako."

"Na wasipolamba, mama?"

"Nitakushikia ngazi mwenyewe!"

Wanaume wakaangua kicheko. Mimi, niliyemsindikiza tu, sikucheka, maana najua bonde lile ni nini kwake. Tangu afiwe na mumewe, kila alfajiri hupitia Olszynka kabla ya kuwasha lori. Anasimama tu, anatazama, anarudi na uso wa mtu aliyepata usingizi. Mnara ukijengwa pale, hana pa kwenda.

Tukaanza kazi kesho yake. Alipata kisiki chenye shimo pale bondeni, tukaponda udongo wa mfinyanzi, na chumvi akaichota kutoka kwenye karai alimokuwa amelaza mafuta ya nguruwe tangu Krismasi. Kwetu kumwaga chumvi ni dhambi, hata ikiwa imegeuka rangi.

"Hii si inanuka?" nikauliza.

"Chumvi ni chumvi, shoga. Twanga!"

Nikatwanga. Tukaichanganya na ule udongo, tukaushindilia kisikini, tukarudi nyumbani tumelowa jasho, tunacheka kama wasichana.

Haikupita wiki, nikamsikia anapiga mbio uani kwangu. "Wamekuja! Acha hayo mayai, toka! Udongo umeliwa wote!" Nikatoka na aproni yangu. Tulikimbia mpaka pumzi zikatuishia, na tulipofika bondeni tukabaki midomo wazi. Kisiki kilikuwa kimeng'olewa. Ardhi yote imefukuliwa kama shamba la viazi, na kwenye matope nyayo zilikuwa za nguruwe mwitu, ukoo mzima. Harufu ya yale mafuta ndiyo iliyowaita, na kulungu, walipoinusa harufu ya nguruwe, wakakata shauri kupita mbali.

Burzyk naye alitukuta palepale. Akanusa matope, akavua kofia kama yuko makaburini. "Poleni, akina mama. Naona jamaa wamekuja kumzika mwenzao."

Nilitamani kumrushia tope. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na chumvi ile tuliitwanga kwa mikono yetu wenyewe. Walentyna aligeuka, akashika njia ya nyumbani.

Kesho yake alinipigia honi ya lori. Nyuma ya mapipa ya maziwa kulikuwa na gogo la mti mweupe laini, ule ambao maseremala hawautaki, na bonge la chumvi ya mawe, safi kama barafu. Safari hii hakutaka haraka. Tulilimenya gogo maganda yote, akachonga kikombe kichwani pake, tukalisimika kando ya kijito, mbali na fujo ya nguruwe, maana mlamba chumvi hutafuta maji. Bonge likakaa kikombeni. Mvua ikinyesha, chumvi ingeyeyuka na kutiririka kwenye mti, na kulungu wangelamba mti wenyewe.

Mvua ikinyesha! Mbingu ilikuwa kavu kama kikaango. Sikukuu inakaribia, Burzyk anapita kijijini ameinua shingo, na Walentyna anatazama mawingu hata akiwa usukanini. Halafu mchana mmoja, tunamenya viazi, bati likaanza kupigwa tone, tone, kisha mvua ikamwagika. Alitupa kisu, akatoka uani, akacheza peku mpaka kuku wakakimbilia bandani. Na mimi nikatoka. Wacha waseme wanavyotaka!

Alfajiri ya siku ya mwisho tulijilaza kichakani watatu: Walentyna, mimi, na Burzyk na bunduki yake begani, ambayo haachani nayo; hata kanisani angekwenda nayo. Ukungu ukapanda. Akatokea jike mmoja, akaisogelea nguzo, akainusa, akageuka akaenda zake.

"Amenusa," Burzyk akanong'ona. "Kunusa si kulamba."

"Nyamaza wewe!"

Walentyna alikuwa ameushika mkono wangu, kucha zinazama. Ndipo matawi yakaachana, na akatoka dume mkubwa, pembe bado zimevikwa ngozi yake laini, sikio moja limechanika. Nikasikia Burzyk anavuta pumzi. Kijiji kizima tunalijua sikio lile. Vuli baada ya vuli Burzyk amelifuata mlima kwa mlima, na ndilo alilotaka kulijengea mnara.

Dume akainama. Akatoa ulimi, akalamba mti kutoka chini hadi juu, taratibu, macho kayafumba. Akarudia. Akarudia tena. Tulimsikia, ulimi unakwaruza kama msasa. Kisha akanywa maji kijitoni, akapotelea msituni.

Walentyna alimgeukia mwenyekiti, machozi yanamtiririka na hayafuti. Burzyk alikuwa amepiga magoti kwenye umande, bado anatazama pale mahali patupu.

"Hapa hapapigwi risasi," akasema mwishowe. "Walentyna... kesho naweza kuja tena? Kutazama tu."

"Njoo," akamwambia. "Bunduki mwachie mkeo."