Bwana harusi na tope la Ipogolo

Wiki hii basi letu lilifika Ipogolo, chini ya mlima, likakuta tope limetanda barabara nzima. Dereva akasita. Abiria mmoja, kijana wa Tanga anayefanya kazi ya kuingiza meli bandarini, alikuwa anawahi Mlandege, mjini juu mlimani, kufunga ndoa baada ya sala ya adhuhuri. Akashuka na kanzu yake nyeupe, akachomeka fimbo topeni, akaizungusha.

"Pita, dereva! Bandarini tope zito kama ugali ndilo linalokwamisha meli. Hili ni uji, linapasuliwa tu."

Nikamwambia kutoka dirishani, "Mjukuu wangu, meli inaelea. Hili basi nalo linaelea?"

"Bibi, wewe bandari unaijua?"

"Siijui. Basi ndilo ninalolijua."

Dereva akamsikiliza mwenye kanzu. Basi likazama mpaka kwenye ekseli. Kijana akatazama jua, akavua viatu, akakunja kanzu hadi kiunoni, akapanda mlima kwa miguu. Sisi nyuma yake, mizigo kichwani.

Mlandege, shangazi wa bibi harusi alimsubiri mlangoni, akamtazama miguu.

"Umekuja kuoa, au umetoka kupanda mpunga?"

"Kuoa, Shangazi. Naomba maji."

Akapewa ndoo, na ndoa ikafungwa alasiri.

Elimu yake siibishi. Tope la uji ni rafiki wa meli. Ila sisi wa magurudumu tunatafuta lile la ugali linalobeba tairi, na bwana harusi sasa analijua hilo kwa nyayo zake.