Namna Nilivyopoteza Mundika kwa Sababu ya Mpiga Besi

Nilipoteza Mundika siku ya Jumanne, mwendo wa saa kumi jioni, kwa kushindwa kusema ni nani alipiga besi katika albamu ya tatu ya bendi ambayo hata sikuipenda. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza Voi, Mariakani, Naivasha, Webuye, Bungoma na Malaba, lakini hiyo ilikuwa miji ya kupita tu. Niliishi katika kila mmoja kwa muda, nikachoka, nikahama. Mundika ndiko kwetu. Mama yangu anaishi huko, na kutoka pale tulipokuwa tumekaa, kwenye kibanda cha chai kando ya yadi ya malori Busia, ni mwendo mfupi wa boda boda.

Benchi letu lilikuwa la watu wanaopenda roki ya zamani, ule muziki wa magitaa. Najua watu wa roki hawatafutwi Busia, lakini tulikuwepo. Dereva mmoja wa trela alikuwa ameipenda kwa sababu ilimweka macho kutoka Mombasa mpaka Kampala. Mama wa chai alikuwa na kaka aliyewahi kuuza kaseti mjini, kwa hiyo alizijua sauti zote, ingawa aliwadharau wenye sauti hizo: watu wazima, alisema, wanafunga vitambaa kichwani kama wanaumwa. Mimi niliipata sekondari, kwa fundi wa maabara aliyekuwa akiipiga huku akiosha vioo, na tangu hapo kila mahali nilipohamia nilibeba redio kwanza ndipo nguo. Siku hizi nauza redio na spika za mtumba, Busia na Malaba. Wa nne alikuwa wakala wa forodha, mtu safi, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Yeye hatukujua roki aliipata wapi. Tulijua tu kwamba hakuna asilolijua.

Mchezo wetu ulikuwa vitendawili. Simu zote ziliingia kwenye kreti ya mkate, juu yake mama wa chai akaweka sufuria ya maharagwe, ili asiwepo wa kuchungulia. Mtu anasema, "Kitendawili." Wengine wanajibu, "Tega." Kisha anaeleza mwanamuziki au albamu bila kutaja jina: kasha lina jogoo aliyevaa miwani, mpiga ngoma aliacha bendi akaenda kufuga kondoo, upande wa pili wa sahani ya santuri una nyimbo tatu tu. Majina hayakutajwa isipokuwa na anayejibu, na nimezoea hivyo kiasi kwamba hata hapa siyataji. Ukishindwa, aliyetega anakwambia, "Nipe mji," nawe unampa.

Shuleni tulipeana miji hivyo hivyo tukasahau. Nilishampa mtu London nikiwa darasa la nne na sikuumia. Lakini watu wa mpakani hawawezi kuchezea mahali. Hapa mtu anayekwenda kununua nyanya ng'ambo anabeba karatasi. Kwa hiyo siku wakala alipompokonya dereva Eldoret, kesho yake alimletea kibali, kimeandikwa nyuma ya fomu kuukuu kwa mwandiko mzuri: mwenye karatasi hii anaruhusiwa kupita Eldoret, asisimame zaidi ya dakika kumi, asinunue maziwa. Chini alikuwa amegonga muhuri wa kampuni iliyokufa zamani, IMEKAGULIWA. Dereva alikibandika kwenye kioo cha lori. Aliporudi alikiri mwenyewe kwamba alinunua maziwa, akahukumiwa kukaa upande wa benchi wenye jua kwa wiki nzima.

Tangu hapo hakuna aliyeuingia mji alioupoteza bila kibali. Mmoja tu aliwahi kukataa, muuza nyanya aliyekuwa akikaa nasi zamani, aliyepoteza Kisumu akaenda bila kuomba, akarudi akisema huu ni mchezo tu, jamani. Hatukugombana naye. Ila siku hiyo aliposema, "Kitendawili," hakuna aliyesema, "Tega." Akabaki amefungua mdomo, nasi tukanywa chai. Alivumilia wiki mbili, kisha akahamia kibanda kingine wanakozungumza mpira.

Mimi nisingeweza kuishi hivyo. Katika miji yote niliyokaa, lile benchi ndilo lililokuwa likiniwekea nafasi nikichelewa.

Sasa, ubaya wa kupokonywa Mundika na wakala Jumanne ulikuwa Jumamosi. Kwetu mkubwa hujenga kwanza, na mdogo hawezi kusimamisha nyumba yake kabla ya kaka yake. Mimi nina miaka arobaini na kitu na nyumba niliyokuwa nayo nyumbani ni isimba, kile kibanda cha kijana ambaye bado hajajipanga. Kuta zake zilikuwa zimechoka kuliko mimi. Mdogo wangu alikuwa na matofali tayari, yameota nyasi, na mchumba aliyekuwa ameanza kuuliza kama anaolewa na matofali. Mama alikuwa amenipigia simu mara tatu. Wajomba wangekuja Jumamosi kusimamisha nguzo ya kwanza ya nyumba yangu, nami nilitakiwa niwepo tangu asubuhi, nilale, niamke hapo. Nisipokuja, alisema, nisimwite mama, nimwite jirani.

Nilimweleza wakala. Alinisikiliza kwa huruma, akatoa kalamu, akaniandikia kibali cha Mundika: kuingia saa nne asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni, kulala hapana.

"Lakini lazima nilale," nikamwambia.

"Boss, kulala ni makazi. Makazi ni idara nyingine."

"Idara gani?"

"Bado sijaiunda."

Njia iliyobaki ilikuwa moja, kumtegea kitendawili asichokiweza na kudai mji wangu. Jumatano nilikuja nimejiandaa. Nilimtegea mpiga kinanda aliyerekodi akiwa amevunjika mguu. Akanitajia mguu ni upi. Nilimtegea albamu iliyochapishwa na kosa kwenye kasha. Akataja kosa, na jina la mpiga picha. Kila alipojibu, zamu ya kutega ilikuwa yake, nami nikashindwa, na kwa kuwa sikuwa na mji tena, nikaanza kutoa vipande vya Mundika ambavyo nilidai havikuwa ndani ya mpango wa kwanza. Nikatoa soko. Nikatoa njia panda. Nikatoa kisima. Kitendawili cha mwisho kilihusu wimbo mrefu, dakika kumi na moja, umejaza upande mzima wa sahani, na alitaka kujua ni nani wa pili kutoka kushoto kwenye picha ya nyuma. Sikujua. Nikatoa choo cha mama yangu.

Wakala akaandika, akagonga muhuri. Dereva alicheka mpaka akamwaga chai. Mdogo wangu aliponipigia jioni kuuliza tumefika wapi, nilimwambia mambo yanaendelea vizuri.

Alhamisi nilikwenda Malaba na kibali changu cha Malaba, nikarudi na spika moja kubwa ya mtumba iliyokuwa inakoroma upande mmoja. Niliiweka chini karibu na benchi nikaanza kuijaribu na flashi yangu ya nyimbo. Kilichotoka ni ule wimbo wa dakika kumi na moja. Ule ule ulionichukulia choo. Unaanza na ngoma peke yake, kama mtu anayegonga mlango wa jirani kistaarabu, kisha anakasirika, kisha mwimbaji anaingia anapiga yowe moja refu.

Wakala alikuwa akijaza fomu zake. Akakunja uso.

"Boss, punguza huyo mlevi," akasema. "Ni bendi ya wapi hiyo?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Alikuwa amerudi kwenye fomu, anaandika, hana habari. Nikapunguza. Nikabadilisha nikaweka mwingine, wa yule aliyevunjika mguu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesumbuliwa na nzi. Hakujua. Mtu aliyejua studio, mwaka, mpiga picha na mguu uliovunjika, alikuwa hajawahi kusikia hata wimbo mmoja.

Nakiri nilifurahi vibaya. Nilikwenda nyumbani, maana yake chumba changu cha kupanga, nikiimba.

Ijumaa tulikaa wote. Simu zikaingia kwenye kreti, maharagwe yakawekwa juu. Nikasema, "Kitendawili."

"Tega," wakajibu.

Nikawasha spika. Ngoma ikagonga mlango, ikakasirika, yowe likatoka. Dereva akafungua mdomo, mama wa chai akamtia andazi humo, kwa kuwa zamu haikuwa yake.

Wakala aliigeukia spika.

"Kasha ni rangi gani?" akauliza.

"Hakuna kasha."

"Ilirekodiwa wapi?"

"Hapa, ndani ya spika hii."

Akawageukia wengine. Kitendawili, alisema, ni maneno. Tangu lini mtu akategewa kelele? Aliongea vizuri sana kuhusu utaratibu, na dereva akaanza kukubaliana naye, kwa sababu dereva hukubaliana na yeyote mwenye kalamu. Lakini mwamuzi wa mambo ya benchi ni mama wa chai, kwa kuwa benchi ni lake.

"Nyanya yangu alikuwa anatutegea kwa kukohoa," akasema. "Anakohoa kama mzee fulani wa kijijini, sisi tunasema ni nani. Jibu, boss, chai inapoa."

Wakala akajaribu. Alitaja bendi moja yenye mpiga filimbi maarufu. Tukasikiliza wote pamoja, tukitafuta filimbi. Haikuwepo. Akajaribu nyingine, ya watu wanaoimba polepole wakiwa wamekaa. Mwimbaji kwenye spika alikuwa amefika mahali pa kulia na kupiga mayowe kwa zamu. Jasho likamtoka wakala kwenye kola, kitu ambacho hatukuwahi kukiona hata siku ambazo foleni ya malori ilifika nje ya mji.

"Nimeshindwa," akasema kwa sauti ndogo. "Chukua mji."

Nilisema nataka Mundika, na soko, na njia panda, na kisima, na kile kingine. Akatoa karatasi zote kwenye faili, akazichana moja moja kwa mpangilio wa tarehe. Dereva alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka, ila wakala alikuwa ameinamia kikombe chake kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu, na kicheko kikaniishia.

Alitueleza mwenyewe bila kuulizwa. Zamani, alipokuwa mgeni kwenye kazi hiyo, mteja mmoja alitelekeza katoni kwenye ghala. Ilikuwa imeandikwa sahani za muziki. Alipoifungua kukagua, sahani hazikuwemo, makasha matupu tu, yamejaa picha na maandishi. Mvua ndefu ilikuwa imefunga barabara na malori hayakusogea. Akasoma. Alisoma makasha yote mbele na nyuma, majina, ala, shukrani kwa wake zao, mpaka akayajua kama orodha ya mizigo. Aliposikia sisi tunazungumza habari za watu hao hao, alihamia benchi letu.

"Na miaka yote hii hukutaka kusikia?" mama wa chai akamuuliza.

"Niliogopa, mama. Kwenye kasha kila mtu anapiga vizuri."

Mama wa chai akamwongezea chai bila kumwuliza, nami nikamwambia aje Mundika kesho na hiyo katoni yake, nitabeba spika.

Jumamosi nilifika kwetu mapema kuliko nilivyowahi kufika popote. Wajomba walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu mlango utazame wapi. Shimo likachimbwa, nguzo ikaingia, mjomba mkubwa akaishikilia, mimi nikashindilia udongo, mama akapiga kigelegele kifupi cha mtu asiyetaka kumsifu mtoto kabla kazi haijaisha. Mdogo wangu hakungoja. Udongo wa nguzo yangu ukiwa bado mbichi, alikuwa upande wa pili wa boma akikwatua nyasi kwenye matofali yake.

Wakala alikuja kwa boda boda, katoni imekumbatiwa kifuani, amevaa tai. Aliwasalimu wajomba, mulembe, mulembe, kisha akakaa kwenye kiti nilichomwekea mbele ya spika. Akachagua kasha, akaliweka magotini, akaniashiria niwashe. Tangu mwanzo mpaka mwisho hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye maandishi, mstari kwa mstari, ngoma ilipoingia akatikisa kichwa, besi ilipoingia akatikisa tena. Wimbo ukaisha. Nilimwuliza ameonaje.

"Kuna upungufu," akasema. "Hapa wameandika magitaa mawili. Mimi naona limefika moja."

Tukarudia. Mjomba mdogo akasogeza kiti. Dakika kumi na moja, sote tunatafuta gitaa. Mjomba mkubwa akasema amelipata, liko nyuma ya ngoma, kwa mbali, linanguruma bila kupumzika. Wakala alimtazama kwa heshima kubwa, akatoa kalamu. Mama akatoka jikoni akatuambia hiyo ni posho mill ya jirani, inasaga mahindi.

Tukarudia tena. Mama akaja na chakula, akamwambia mgeni anawe mikono. Wakala akainua kidole kimoja, macho bado kwenye kasha, akasema, "Mama, nisubiri kidogo, mzigo haujatimia." Mama hakusubiri. Alimwekea sahani ya ugali na kuku pale pale magotini, juu ya uso wa mpiga ngoma, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nimesimama nikiwatazama, nimeshiba furaha kabla ya kula, nikaiegemea nguzo yangu. Ikalala kidogo upande wa Busia. Mdogo wangu akapiga kelele kutoka kwenye matofali yake kwamba niiache hiyo nguzo, tafadhali, nikae chini kama watu.

Nikakaa.